Ngata ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alirudi kutoka hospitali ya Busia akiwa na chuma kwenye nyonga na mshono wa nyuzi kumi na nane. Idadi hiyo niliisikia tu, sikuziona. Muuguzi alizihesabu kwa sauti akimwonyesha mume wangu, nami nilikuwa nimegeukia dirisha nikitazama paa la jikoni. Kwetu Bukhayo mke wa mwana hatazami mwili wa baba mkwe wake. Haketi kwenye kiti chake, hampi mkono, haingii chumba anacholala. Chai nilikuwa naiweka kwenye kigoda, narudi nyuma hatua mbili, ndipo anaichukua. Nilikuwa nimeolewa katika boma lile miaka kumi na saba na sikuwahi kumgusa hata ukucha.

Siku aliporuhusiwa kutoka, yule muuguzi alituketisha kwenye benchi, akatoa karatasi na kutuuliza maswali, kila jibu akiliwekea alama. Mzee ana sukari? Anayo. Tangu alipoteleza bafuni hadi kupasuliwa alilala siku ngapi? Tisa, chuma kilikuwa hakijafika. Upasuaji ulichukua muda gani? Zaidi ya saa nne, yuko palepale juu ya meza. Anavuta sigara? Alivuta miaka arobaini. Anakula vizuri? Mume wangu akasema anakula.

"Hali," nikamkatiza. "Anagusagusa tu."

"Mkojo anaumudu?" akauliza muuguzi.

Hapo mume wangu akaanza kutazama viatu vyake. Nikajibu mimi kwamba hapana, mara nyingine unamtoka. Muuguzi akaweka alama nyingine, na niliona uso wake hauko tena kama ulivyokuwa tulipoketi.

"Huyu mzee anaweza pata vidonda vya kulala haraka sana," alisema. "Huo mshono msiogope, utapona. Muogope huku nyuma juu ya matako, na visigino. Ako na mifupa tupu. Akilalia pahali pamoja damu haipiti, ngozi inakufa. Mumgeuze kila masaa mawili, mchana na usiku. Na muwe mnaangalia, si kuuliza tu. Mkiona pekundu, bonyeza na kidole. Ikikataa kuwa nyeupe, mlete mara moja."

"Sawa, sista," tukasema.

"Wazee wengi haiwaui nyonga. Inawaua hiyo kidonda. Ikifika kwa mfupa, mpaka hiyo chuma tumeweka itaingia uchafu."

Tukaitikia tena. Tuliitikia haraka mno, kama watu wanaotaka kuondoka. Mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu pale pale kwenye benchi na haikuwa inakubali.

Mume wangu ni wakala wa forodha pale Malaba, anawatolea madereva wa malori karatasi zao ili wavuke kwenda Uganda. Anaondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa moja jioni, foleni ikiwa na huruma. Mama mkwe alishatangulia zamani. Wifi yangu aliyeolewa Rukala alikuja akakaa wiki moja, mvua zikaanza, mto Nzoia ukajaa, akakimbilia kwake kuokoa vitu. Nikabaki mimi. Mimi ni fundi cherehani, nashonea sare za shule kwenye veranda ya nyumba ile ile, kwa hiyo ukoo mzima ulikuwa na jibu moja: si wewe uko nyumbani? Ingekuwa cherehani langu liko sokoni, wangesema huyu ana kazi. Liko kwenye veranda, basi mimi ninacheza.

Nilimuuliza mume wangu, "Na mchana nani atamgeuza?"

"Utaita mtu."

"Nani?"

"Si majirani wako hapa."

Mzee wa boma la pili alikuja siku mbili. Siku ya tatu ng'ombe wake walivunja ua, hakuja tena. Na baba mwenyewe hakutaka kusumbua watu. Alisema atakuwa anajigeuza. Alitaka pia kulala chali, kichwa kimeinuliwa kwa mito miwili, uso umeelekea mlangoni, kwa sababu mwenye boma lazima amwone anayeingia bomani. Wageni wa kanisani wakija, walimkuta hivyo, ametulia, anaitikia salamu. Wakanipongeza kwa mgonjwa mpole. Kila mmoja akitoka aliniambia nimwache apumzike, nisimtikise.

Kwa hiyo nilishona huku nikisikiliza. Kitanda chake kilikuwa cha mbao kuukuu, mtu akijigeuza lazima kilie. Nilikuwa nikikanyaga cherehani kidogo, nasimama, natega sikio. Kitanda hakilii. Nakanyaga tena, nasimama. Kimya. Kisha naita kupitia pazia, "Baba, umejigeuza?"

"Nimejigeuza, mama. Wewe shona tu."

Alikuwa ananidanganya, nami nilijua ananidanganya, na nilishukuru. Hilo ndilo linaloniuma nikilikumbuka. Pazia lile lilikuwa kitambaa chepesi cha maua, ningeweza kulisogeza kwa kidole kimoja. Niliogopa kitambaa kuliko nilivyoogopa kifo.

Jioni moja mume wangu alitoka kumwosha baba yake akaniambia, huku akijipangusa mikono, kwamba pale nyuma pana joto.

"Pekundu?"

"Nitajuaje? Ninamwosha chini ya shuka."

Hapo ndipo nilipopata kujua jinsi alivyokuwa anamwosha. Mtoto wa kiume naye hapaswi kumtazama baba yake akiwa uchi. Mume wangu alikuwa anaingiza mkono na kitambaa chini ya shuka, macho ukutani, anapapasa, anasugua, anatoka. Asubuhi na jioni. Muuguzi alisema tuwe tunaangalia, na katika nyumba nzima ya watu wazima wenye heshima zao hakuna hata mmoja aliyekuwa ameangalia.

"Rudi ukabonyeze na kidole," nikamwambia.

"Mimi nikabonyeze baba matako?"

"Nani basi? Nibonyeze mimi?"

Ni kichekesho sasa, lakini jioni ile hakuna aliyecheka. Alirudi ndani, akatoka baada ya muda mfupi mno, akasema ni pekundu kidogo lakini si mbaya. Sikumuuliza kama alibonyeza. Niliogopa angeniambia ukweli.

Usingizi ulinikataa. Kulipokucha nilikuwa na mpango, nao nikauona mzuri kupita kiasi. Nilipokuwa msichana nilichota maji mto Sio, ndoo ya lita ishirini, mara tatu kwa siku. Kilichookoa utosi wangu ni ngata, ule mviringo wa kitambaa unaowekwa kichwani chini ya mzigo. Bila ngata ndoo inakuchoma mfupa. Ukiwa nayo, unatembea unaimba. Sasa kama ngata inaokoa fuvu, mbona isiokoe mfupa wa mzee?

Nikaacha sare za watu. Nikachukua vipande vya kitenge kizito, nikavipanga tabaka mbili, nikashindilia pamba na mabaki ya vitambaa mpaka ikawa ngumu, kwa sababu ngata laini si ngata. Nikaizungushia mshono mara tatu, mshono wa zigizaga ambao huwa naweka kwenye mifuko ya suruali za wanafunzi isipasuke. Ilikuwa kubwa kama sahani ya pilau, na tundu katikati la kutosha ngumi yangu. Nilijisikia fundi kweli. Jirani mmoja aliiona akasema, "Mama, wewe ungekuwa daktari." Nami nikakubali kabisa.

Mume wangu akaiingiza chini ya shuka, ule mfupa wa nyuma ukakaa katikati ya tundu. Juu ya godoro alikuwa ametandika karatasi ya nailoni niliyompa ili mkojo usipenye. Nikamwuliza baba kupitia pazia, "Hiyo iko aje, baba?"

Kitanda kililia mara moja, ndipo akajibu. "Iko sawa, mama. Asante."

Ngata ile ilikaa pale siku nne. Ikitolewa ni kwa kuoshwa tu, kisha inarudi palepale. Siku hizo nne nilipumua. Sikutega tena sikio kwa kitanda, maana nilijiambia hata asipojigeuza hana neno, mfupa wake uko hewani. Nilishona sare kumi na moja.

Siku ya tano niliona nzi. Si wengi, watatu au wanne, kwenye fremu ya dirisha lake, kwa nje, wanatafuta njia ya kuingia. Nikawafukuza kwa kitambaa. Wakarudi. Nikajiambia ni maembe yaliyooza nyuma ya nyumba. Nikaenda nikayaokota yote, nikayafukia. Nikarudi kwenye cherehani, na upepo ulipogeuka nikasikia harufu ambayo haikuwa ya maembe, haikuwa ya mkojo, na nikaacha kukanyaga pedali.

"Baba?"

Nikainuka kwenye cherehani.

"Baba, uko sawa?"

Alianza kuongea, lakini si na mimi. Alikuwa anamwita marehemu mama mkwe, anamwambia alete ndama ndani mvua inanyesha. Jua lilikuwa linawaka nje. Nilimpigia simu mume wangu. Nyuma yake nikasikia injini za malori na mtu anapiga kelele kwa Kiganda.

"Baba yako anawaka. Anaongea na marehemu."

"Nakuja. Nina magari sita hapa. Nikitoka tu hapa nakuja."

"Kuja sasa!"

"Sasa nitafika saa ngapi? Wewe ingia umwangalie."

Alilisema hivyo hivyo, kama neno jepesi, wewe ingia. Nilisimama mbele ya pazia lile. Sijui kama nilisimama dakika moja au kumi. Niliogopa harufu, niliogopa laana, niliogopa watu watasema nini. Na chini ya hayo yote niliogopa kitu ambacho nilikuwa nimekijua tangu siku ya benchi, kwamba huyu mzee atafia mikononi mwa mtu ambaye hakuinyoosha hiyo mikono.

Nikaingia.

Alikuwa mdogo. Nilizoea kumwona mezani na kofia yake na koti, sikujua kuna mtu mdogo hivi ndani ya lile koti. Midomo ilikuwa imekauka. Nilimshika bega, na mara ya kwanza kumgusa baba mkwe wangu katika maisha yangu, alikuwa wa moto kama pasi. Akafungua macho, akanitambua, akaona nimeshika shuka.

"Mama, hapana. Mama, usinione."

"Sioni, baba."

Nikamgeuza upande wa nyonga nzima, nikafunua, nikaona.

Sitaieleza sana. Nailoni ilikuwa imeloa jasho na mkojo, ngozi imelainika kama ya mtu aliyekaa majini kutwa. Katikati, palipokuwa na lile tundu, pamevimba, na juu pameota weusi upana wa kifuniko cha soda ya chupa, na pembeni ya weusi panatoka maji. Lakini kilichonifanya nishike ukuta ni kilichokuwa kinazunguka weusi ule. Palikuwa na duara jekundu lililokandamizwa ndani ya nyama, na ndani ya duara, mistari mitatu ya zigizaga, imejichapa waziwazi. Niliutambua mshono wangu.

Jirani mwenye gari alitupeleka Busia, baba amelazwa kwa ubavu kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwangu. Sikuwa nafikiria mila tena. Nilikuwa nafikiria chuma, uchafu na mfupa, na kila shimo la barabara lilipomrusha nilisema moyoni, nimemuua, nimemuua kwa sindano na uzi.

Muuguzi alikuwa yule yule. Nilikuwa nimeileta ngata ndani ya mfuko, sijui kwa nini, labda kama mtu anavyoleta nyoka aliyemgonga mgonjwa. Mume wangu alikuwa amefika kutoka Malaba, bado ana karatasi za malori kwapani. Muuguzi akaigeuza ile ngata mkononi, akaibonyeza, akaona ilivyo ngumu.

"Nani aliweka hii?"

Mume wangu akanitazama kisha akatazama sakafu. Na kutoka kitandani, mtu ambaye tulidhani hajitambui akasema, "Mimi. Mimi ndio niliitisha."

Muuguzi hakumgombeza. Alieleza polepole, na alikuwa ananieleza mimi, maana wanawake wanajuana. Alisema kitu cha mviringo kinabana pande zote, damu inazuiwa isifike katikati, na kile mnachofikiri kiko hewani ndicho kinachonyimwa. "Kichwani unaibeba dakika kumi na unaitua," alisema. "Hapa alilalia siku nne." Akauliza kuhusu nailoni, akatikisa kichwa. Akauliza anakula nini. Nikasema uji mwepesi, kwa sababu ni mgonjwa. Akasema mgonjwa wa kidonda ndiye wa kulishwa mayai, maharagwe na omena, wale dagaa wa ziwani, nyama mpya haitoki hewani, na uji ule wa sukari nao uachwe.

Walimkata weusi ule. Kilichobaki kilikuwa shimo. Daktari akasema hakijafika kwenye mfupa, lakini aliongeza neno "bado," na neno hilo nilirudi nalo nyumbani wiki tatu baadaye pamoja na bandeji, dawa na baba.

Sasa hapakuwa na wa kumwachia. Niliweka simu ilie kila masaa mawili. Ilipolia mara ya kwanza niliinuka kwenye cherehani, nikasogeza pazia, na nikabaki nimesimama kwa sababu sikujua tuanze vipi, mimi na yeye. Alinitazama. Kisha akanyoosha mkono juu ya meza, akachukua kofia yake, ile ya kanisani ya rangi ya kahawa, akajifunika uso. Nikaelewa. Kama yeye haoni, basi hakuna aliyeona. Nikamgeuza, nikaangalia, nikambonyeza kwa kidole kwenye kisigino, nikaona peupe panarudi pekundu inavyotakiwa, nikamfunika. Nilipotoka nikasikia kofia inarudishwa mezani.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Simu inalia, kofia inapanda. Nilijifunza rangi za lile shimo kuliko ninavyojua rangi za vitambaa: waridi ni heri, manjano ni wasiwasi, kijivu ni kukimbia. Palikuwa na juma zima la manjano na sikuweza kumeza chakula. Watu bomani walinong'ona kwamba nimevuka mpaka. Nikawaambia anayetaka kushika zamu aje, simu ni hii. Hakuja mtu.

Mwezi wa nne tangu arudi, kidonda kilikuwa kimebaki kama kifungo cha shati. Siku hiyo nilikuwa nambandika, naye yuko chini ya kofia yake, akaongea kutoka humo ndani, sauti imefungwafungwa.

"Mama. Ile ngata."

Mikono ikasimama.

"Iliniuma ile siku ya kwanza. Haikupita hata saa moja."

"Baba, siku nne? Mbona hukusema? Si nilikuuliza?"

"Ningekuambia nini? Mke wa kijana yangu, nikuambie matako yangu inauma?" Kofia ilipanda na kushuka kwa pumzi yake. "Na vile ulikuwa umeshona vizuri."

Nilimaliza kubandika nikiwa sioni vizuri. Nilitoka nikakaa nyuma ya jikoni nikalia kwa sauti, si kwa huruma tu, nililia kwa hofu. Nilikuwa nawaza, kama mtu huyu aliweza kulalia maumivu yale siku nne ili asiniaibishe, ni mangapi mengine amelalia na anayalalia, na "niko sawa" zake zote nilizopokea kwa miaka kumi na saba zilikuwa na nini ndani.

Siku hizi anatembea na fimbo mpaka kwenye ua na kurudi. Kidonda kimefunga, kovu lake jembamba, na muuguzi alituonya kwamba ngozi ile haitakuwa tena kama ya kwanza. Chai nimerudi kuiweka kwenye kigoda na kurudi nyuma hatua mbili. Lakini mchana akilala, au akikaa muda mrefu kwenye kiti chake, hofu inanipanda kutoka miguuni, nami naita kupitia pazia.

"Uko sawa, baba?"

"Niko sawa, mama. Wewe shona tu."

Nasimamisha cherehani, nainuka. Na kabla sijafika kwenye pazia namsikia anapapasa meza, anatafuta kofia.